Siku Tuliyofunua Cherehani

Cherehani ya kwanza kufunikwa ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa akitia vifungo, kule upande wa dirishani. Aliitwa ofisini Ijumaa baada ya chai. Akarudi amebeba kikombe chake na kandambili zake kwenye mfuko wa plastiki, akatupungia mkono kwa mbali kwa sababu hakutaka tumwone macho. Alipokwisha kutoka, Mama alikata kipande cha marekani kwenye jora, akakitandaza juu ya cherehani ile, akavuta pembe zote mpaka kikakaa sawa.

"Vumbi lisiingie," alisema. "Atarudi."

Mama hakuwa mama wa yeyote kati yetu. Alikuwa mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, mwanamke wa Soweto mwenye kifua kipana na miguu iliyovimba kwa kukaa, na alikuwa ameshona kwenye jengo lile la Doornfontein tangu usichana wake. Kiwanda kizima kilimwita Mama, hata mwenye kiwanda. Mimi aliniita makoti, yaani mke aliyeolewa akaingia ukoo wa watu, kwa sababu mume wangu alikuwa mmoja wa vijana wao waliokimbilia Tanzania enzi za ubaguzi, na alipoambiwa arudi nyumbani alirudi na mimi. Makoti kwao ana kazi zake. Anafunga kilemba, anapika chai ya wageni, na wakubwa wanapoongea yeye anatazama sakafu. Nilikuwa fundi cherehani Morogoro, mwenye ulimi wangu na wateja wangu niliokuwa nikiwafokea, na sasa nilikuwa natazama sakafu.

Nilishona kola. Mashati ya shule, kola baada ya kola, na nilizishona vizuri, sitajifanya mnyenyekevu. Jioni nilirudi kwa miguu Bertrams, tulikopanga vyumba viwili karibu na ule uwanja mkubwa wa mpira. Siku za mechi kelele zilitikisa vikombe vyetu kabatini. Mume wangu alikuwa ameketi uani na redio. Tuliporudi, mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza, aliamini ataitwa kazini wiki yoyote. Wenzake waliopata vyeo waliacha kupokea simu zake mmoja mmoja, na yeye akabaki na redio, akisikiliza wanavyohojiwa.

Kwa hiyo nyumba ilisimama juu ya kola zangu. Na kulikuwa na jambo moja lililonikosesha raha. Mama mkwe wangu, kule vijijini mashariki mwa Cape, alitaka wajukuu wake, binti zangu wawili. Mume wangu aliniambia bila ugomvi wowote, akiwa anamenya viazi.

"Mama watoto, wewe ukiwa na kazi wanakaa hapa. Kazi ikiisha wanakwenda kwa bibi yao mpaka tusimame. Hapa hatutawalisha kwa redio."

Kiswahili chake alikijua, alikipata kwetu, na alipokisema kwa upole namna ile nilijua ameshaamua. Binti mkubwa alikuwa na miaka tisa, mdogo minne. Shuleni walisema Kizulu na Kiingereza, barabarani vilevile. Kiswahili chote walichokuwa nacho kilikuwa kinywani mwangu, na nilikuwa nacho jioni tu, kati ya kuwaogesha na kuwalaza. Nikiwakosa, basi.

Vitambaa vyeupe viliendelea kuja. Baada ya wa vifungo ilifuata safu nzima ya dirishani, kisha safu ya pili. Ijumaa zikawa siku za kutisha. Hakuna aliyetaka kwenda chooni baada ya chai, asije akaitwa hayupo, jina lake likarudiwa tena mbele ya wote. Kila alipoondoka mtu Mama alikata kitambaa, akafunika, akasema maneno yake yaleyale. Kuketi kwenye cherehani iliyofunikwa ilikuwa mwiko. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, lakini hata fundi wa umeme, mwanamume mbishi kupita kiasi, alizizunguka. Zamani ukumbi ulikuwa ukinguruma hata ukiongea lazima upige kelele. Sasa nilianza kusikia viatu vya msimamizi akitembea, na njiwa juu ya bati.

Sababu tuliiona kwa macho yetu, ilipanda kwa lifti ya mizigo. Maboksi kutoka bandari ya Durban, yamejaa mashati ya shule yaliyokwisha kushonwa huko mbali, kila moja ndani ya nailoni, yana harufu ya dawa ya nondo. Maduka yalitaka bei ya mashati hayo, na mwenye kiwanda, mzee wa sauti ndogo aliyerithi kiwanda kwa baba yake, hakuweza kuishusha yetu ifike hapo. Akaanza kuyanunua yeye mwenyewe. Sisi tuliobaki tukapewa kuyapiga pasi na kuyashonea lebo yake shingoni.

Siku ya kwanza nilifungua shati moja nikaitazama kola. Niliikunja, nikaivuta, nikaitafuta kasoro kama mama mkwe anavyomtafuta makoti kasoro. Ilikuwa nzuri. Nilikasirika mno. Ningeikuta mbovu ningelala usingizi.

Jirani yangu wa cherehani, mwanamke wa Bukavu aliyeishi kwenye maghorofa ya Joubert Park na kusuka watu nywele Jumamosi, aliniona nikiigeuzageuza.

"Acha kutafuta, dada," alisema. "Ule mutu wa kule anashona muzuri. Na yeye iko na batoto."

Sikutaka kusikia habari za watoto wa mtu mwingine siku ile.

Kitambaa cheupe kilikuwa kimefika safu iliyo mbele yangu mwenye kiwanda alipotukusanya. Alisema serikali ina mpango kwa ajili ya viwanda vinavyouawa na bidhaa za nje. Kiwanda kikikubaliwa, serikali italipa sehemu ya mishahara kwa muda, na wafanyakazi watafundishwa kushona nguo nyingine, sare za walinzi na za hospitali, kazi ambayo maboksi ya Durban hayakuwa yameifikia. Walioachishwa wataitwa warudi. Maofisa wangekuja Jumatano kutuangalia kama tunastahili.

Nilitetemeka kwa furaha, nakumbuka. Niliwaona watoto wangu wakibaki. Mama naye aliinua mikono miwili juu, akaanza wimbo, na wanawake wakaupokea. Serikali ile alikuwa ameipigania. Aligoma kwa ajili yake, akafukuzwa kazi, akalala rumande akiwa mjamzito. Hao maofisa wa Pretoria kwake walikuwa watoto wake wanaokuja kumtembelea kwa mara ya kwanza kwenye nyumba yao wenyewe.

Ndiyo maana aliamua tujiandae.

Aliligeuza neno lile la kustahili vile alivyolijua yeye. Anayestahili ni mtu safi, mchapakazi, mwenye adabu, ambaye mgeni akifika anakuta nyumba imefagiwa. Na mimi, nitasemaje, nilimwelewa kabisa. Kwetu Morogoro mgeni alipokuja mama yangu aliazima vikombe nyumba ya pili na kiti nyumba ya tatu, na sisi watoto tulionywa tusiombe chakula cha pili. Mgeni haonyeshwi njaa. Tuliokuwa mle ndani tulitoka kila pembe, Wazulu, Wasotho, mimi Mswahili, na jambo hilo moja hatukuhitaji kufasiriana.

Ni yule wa Bukavu tu aliyenung'unika, akiwa ameinama juu ya pasi yake.

"Dada, banakuya kuona mugonjwa, na nyiye munamupakala mafuta?"

Mama hakupenda tukiongea lugha asiyoijua. "Anasema nini huyo?"

Nilimfasiria kama lilivyo. Mama akanigeukia mimi.

"Mwambie mimi sikulala jela ili watoto wetu waje wakute nyumba chafu."

Jumanne tulifunua cherehani. Mama alipita safu kwa safu akikusanya vile vitambaa vyeupe, na mimi nyuma yake na kopo la mafuta na brashi. Chini ya kitambaa, kwenye cherehani ya yule wa vifungo, bado kulikuwa na uzi wa bluu kwenye sindano. Mama alikuwa ametuma habari kwenye vituo vya teksi, yaani daladala za kwao, na makanisani kwamba wote walioachishwa waje Jumatano na vilemba vyao bora. Maboksi ya Durban tuliyasukuma mpaka chumba cha nyuma cha kukatia, tukayafunga mlango. Mwenye kiwanda alisimama kizingitini akatutazama. Alifungua mdomo, akaufunga, akarudi ofisini. Nimefikiria mdomo ule miaka mingi. Sijui kama aliona haya kama sisi, au alikuwa ameshampata mtu wa kulinunua jengo na matokeo yalikuwa yote sawa kwake.

Jumatano walikuja wote. Walikaa kila mmoja mahali pake pa zamani, wakapapasa meza zao, wengine wakacheka, mmoja akalia. Lakini vya kushona havikuwapo. Vitambaa vya mashati vilikuwa vimekwisha miezi iliyopita na hakuna aliyeagiza vingine. Mama alisimama katikati akifikiri. Kisha akachukua ile marekani ya kufunikia, akamgawia kila mmoja kipande.

"Shoneni mistari," alisema. "Mkifika mwisho, geuzeni."

Maofisa walipotoka kwenye lifti Mama alishusha mkono na cherehani zote zikanguruma kwa pamoja. Sikuwa nimesikia sauti ile kwa muda mrefu. Sakafu ilitetemeka chini ya nyayo zangu na moyo ukanipanda kwa raha. Halafu nikainua macho nikaona safu zile, wanawake wameinama, vilemba vyekundu na vya njano, mikono inakimbia, na kila mmoja anashona kitambaa cha kufunikia cherehani yake mwenyewe.  

Maofisa walikuwa wawili, lakini aliyekuwa na neno alikuwa binti mmoja wa suti ya kijivu, mwenye heshima zake, aliyemwamkia Mama kwa mikono miwili. Alizunguka akitabasamu. Alisimama nyuma ya yule wa Bukavu akamuuliza kwa Kiingereza kama kazi inatosha. Yule wa Bukavu, ambaye karatasi zake za ukimbizi zilikuwa na muhuri wa serikali hiyohiyo, aliinama akaendelea kushona mstari wake. Binti akamgeukia Mama.

"Kazi ipo, mwanangu," Mama alisema. "Tunafanya kazi. Tunawashukuru."

Tuliimba. Nilipeleka skonzi na maji ya tangawizi nikiwa nimepiga goti kidogo kama makoti anavyopaswa. Binti alikula skonzi mbili, akamkumbatia Mama, na Mama alipomshika uso kwa viganja vyote viwili niliona binti naye machozi yanamlenga. Lifti ilipojifunga, wanawake walipiga vigelegele. Yule wa Bukavu alikuwa ameshasimama kuchukua pochi yake.

"Bwana atusaidie," alisema, na hakurudi kesho yake wala siku nyingine. Alianza kusuka nywele kila siku badala ya Jumamosi tu.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Mwenye kiwanda alitusomea ofisini kwa ile sauti yake ndogo. Maofisa walifurahishwa sana na tulivyo. Kiwanda chetu kilionekana kinajiweza, kina kazi na wafanyakazi wengi, na fungu la serikali lilikuwa dogo, likaenda kwa viwanda vilivyo karibu kufa.

"Eish," msimamizi alisema nyuma yetu. 

Mama aliomba kiti. Kisha Ijumaa ile, na Ijumaa iliyofuata, walitumaliza. Vitambaa vilirudi juu ya cherehani, sasa vina mistari ya uzi kwenda na kurudi, bluu, nyeusi, nyeupe. Mama alinifunikia ya kwangu nikiwa nimesimama palepale. Alisema maneno yake, vumbi lisiingie, utarudi. Niliitikia "Ndiyo, Mama," na nikataka kumng'ata.

Binti zangu waliondoka kwa basi kutoka Park Station, pamoja na shangazi yao aliyekuja kuwachukua. Mdogo alidhani wanakwenda matembezi, akaniambia kwa Kiswahili nisisahau kumlisha paka wa jirani.  Mkubwa alinitazama kupitia kioo mpaka basi likakata kona kwenye robot, zile taa za barabarani. Mume wangu alinishika bega na nikautoa mkono wake.

Mwaka uliofuata serikali ilikuja tena, safari hii kwa sisi tuliokwisha kukosa kazi. Kwenye ukumbi wa kanisa kule La Rochelle ziliwekwa cherehani chache, na posho kwa kila anayehudhuria, tufundishwe kuanzisha biashara ndogo za ushonaji. Mwalimu alikuwa msichana aliyejifunza kushona juzijuzi, akatuonyesha namna ya kupitisha uzi kwenye sindano. Wanawake tulitazamana. Lakini posho ilikuwa posho. Nilimwambia mume wangu kwamba kwa posho ile, na suruali za majirani ninazokata pindo, watoto warudi shule zikifunguliwa Januari. Alifikiri, akasema sharp, yaani sawa, Januari. Nilianza kufua mashuka ya kitanda chao kila Jumapili, na hayakuwa na uchafu wowote.

Mama naye alikuwa kwenye kozi ile. Alikonda. Alipanda teksi mbili kila asubuhi kutoka Soweto na ndiye aliyefagia ukumbi kabla hatujafika.

Mwezi wa Oktoba tukaambiwa wageni wanakuja kutuangalia. Mgongo wangu ulijua kabla ya kichwa. Nilipoingia siku ile nilimkuta Mama ameshapanga meza. Kulikuwa na mikoba, aproni, magauni ya watoto, vyote vizuri, na hakuna hata kimoja kilichoshonwa mle ndani. Vingine vilikuwa na alama pale lebo ilipotolewa. Nilijua vilikotoka vitu vile. Nilikuwa nimewashonea lebo ndugu zao, yale mashati ya kwenye maboksi.

"Makoti," aliniambia, "funga kilemba vizuri."

Aliyeingia alikuwa yuleyule binti wa suti ya kijivu. Alimkumbuka Mama, wakakumbatiana. Akazisifu nguo. Kisha akauliza wangapi kati yetu wameshaanza kuuza.

"Wote, mwanangu," Mama alisema.

Nilisimama. Kizulu changu kilikuwa kibovu na Kiingereza cha kuokoteza, lakini vilitosha. Nilisema hakuna hata mmoja anayeuza. Nilisema nguo zile ni za dukani. Nilisema siku ile kiwandani hapakuwa na kazi, tulikuwa tukishona vitambaa vya kufunikia cherehani, maboksi yalikuwa chumba cha nyuma, na watoto wangu wapo kwa bibi yao kwa sababu ya skonzi na nyimbo. Nilisema mengi. Miaka yote ya kutazama sakafu ilitoka siku moja, na sijaijutia hata leo.

Binti hakukasirika. Alionekana amechoka tu.

"Dada," alisema, "siku ile ndiyo nilikuja kusikia hayo. Ningeyasikia, ningewapigania. Leo nimetumwa kuona kama kozi inazaa kitu. Isiyozaa inafungwa."

Akamwangalia Mama kama anayemwomba aseme neno lingine, lolote. Mama hakuwa akimtazama. Alikuwa ananitazama mimi. Nilingoja anitukane kwa sababu ningeweza kumjibu. Badala yake alifungua mfuko wake, akatoa kipande cha marekani kilichokunjwa vizuri, kina mistari ya uzi kwenda na kurudi, akaja mpaka kwenye cherehani niliyokuwa nikiitumia. Alikitandaza, akavuta pembe zote.

"Vumbi lisiingie," alisema.

Nilingoja aongeze lile neno la kurudi. Alirudi kwenye kiti chake akaketi, na hakunisemesha tena, siku ile wala nilipokwenda kwake Soweto na sukari na majani ya chai, ambavyo mjukuu wake alivipokea mlangoni.

Kozi ilifungwa kabla ya Krismasi. Mume wangu hakunilaumu, alizima redio tu.

Januari nilikwenda kwenye kontena la simu pale mtaani nikapiga kijijini. Nilikuwa nimepanga cha kusema. Nilitaka kuwaambia kwamba kuna fundi mmoja karibu na stesheni aliyesema huenda akanipa cherehani ya pembeni, na kwamba nikishapata nitakuja kuwachukua mimi mwenyewe kwa basi. Aliyepokea alikuwa mdogo. Nikamwita jina lake la nyumbani, nikaanza kumweleza polepole, vizuri, kwa Kiswahili chetu cha jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kama mtoto aliyelelewa na bibi yake.

Kisha nikamsikia ameweka simu kando, anamwita dada yake aje, kuna mama mmoja anaongea na yeye hamwelewi.